Dadu Haina Kumbukumbu: Maneno Yangu kwa Wawindaji wa Shaini

Haya jamani, tukae. Walio nyuma sogeeni, mbele kuna nafasi, na mwenye gemu mkononi asiizime, cheza tu huku unasikiliza, mimi sikasiriki, hata mimi nikikaa kwenye hotuba za watu huwa naangua mayai chini ya meza. Nimeambiwa niongee kuhusu kupata viumbe adimu kwenye Pokémon, zile gemu za kunasa viumbe, na nilikubali haraka haraka manake kuna sentensi moja imenichosha, ile ya "wewe una bahati sana bana." Mtu anaona boksi langu la shaini, yaani wale viumbe wanaotoka na rangi tofauti na ya wenzao, anasema bahati. Bahati! Nina daftari la kuhesabia, vijiti vinne cha tano kinakatiza, vijiti vinne cha tano kinakatiza, kurasa na kurasa, na kuna ukurasa mmoja kalamu imetoboa karatasi kwa hasira. Hiyo ndo bahati yangu.

Huo ukurasa uliotoboka ngoja niwaelezee kwanza, manake ndo uliniamsha. Wengi hapa mnaijua namba 4096. Kuanzia gemu za X na Y za mwaka 2013 hiyo ndo nafasi ya kawaida ya kukutana na shaini, mmoja kati ya 4096, na kabla ya hapo, tangu shaini walipoanza kwenye Gold na Silver mwaka 1999, ilikuwa mmoja kati ya 8192, kwa hiyo nyie wadogo zangu mnaolalamika leo muwe na adabu kidogo kwa wazee. Sasa mimi kichwani nilikuwa naichukulia hiyo namba kama namba ya foleni. Unakaa, unasubiri, ikifika 4096 unaitwa dirishani unapewa chako. Nikahesabu. Nikafika 4000, nikaanza kutabasamu peke yangu. 4090. 4095. 4096, akatokea yule yule wa rangi ya kila siku ananiangalia kama mtu aliyekuja kudai deni. Hapo ndo kalamu ikatoboa.

Kumbe hesabu yenyewe iko hivi: ukikutana nao mara 4096, nafasi ya kuwa umeshampata angalau mmoja ni kama asilimia 63 tu. Yaani tukichukua watu 100 waliofika hapo, 37 bado wanalia. Nusu ya watu wanakuwa wameshampata wakifika mara 2839 hivi, na ukienda mpaka 12288, ambayo ni mara tatu ya ile namba, bado watu kama 5 kati ya 100 hawajaona hata zile nyota anazotoka nazo shaini. Na huyo wa tano aliyekesha mara 12288, mara ya 12289 nafasi yake ni ile ile, mmoja kati ya 4096, sawasawa na mtoto aliyefungua gemu leo asubuhi kwa mara ya kwanza. Dadu haina kumbukumbu. Haijui umekesha, haijui umeacha kula, haijui kama mwenzako alimpata kwa mara ya saba akakutumia picha na vikatuni vya kucheka (nina rafiki wa aina hiyo, bado tunaongea lakini sio kama zamani).

Sasa ukishalielewa hilo unaacha kuuliza "lini zamu yangu," unaanza kuuliza maswali ya maana: nawezaje kurusha dadu nyingi kwa wakati mmoja, nawezaje kuwaondoa njiani wale nisiowataka, na siku akitokea, je nina vifaa vya kumnasa au nitabaki kushika kichwa. Hayo tu ndo nimekuja kuongea leo.

Tuanze na dadu. Gemu inapomtengeneza kiumbe inarusha dadu ya shaini mara moja, ikikosa basi, anatoka wa kawaida. Mbinu zote mnazozisikia, karibu zote, kazi yake ni kuiambia gemu irushe zaidi ya mara moja kwa kiumbe yule yule. Ile Shiny Charm iliyoingia kwenye Black 2 na White 2 mwaka 2012, ambayo unapewa ukijaza Pokédex, lile daftari la gemu la viumbe uliowanasa, inaongeza mbili, kwa hiyo zinarushwa tatu, na hapo kwenye gemu za sasa 4096 inashuka mpaka kama 1365. Ndo maana mtu akiniuliza aanzie wapi namwambia jaza Pokédex kwanza, ananuna, anataka shaini leo jioni. Baba, ukiwinda bila Charm ni kama kuchota maji na kikombe wakati ndoo iko pale pale ukutani, uvivu tu wa kuinuka.

Halafu kuna mayai. Hii inaitwa njia ya Masuda, kwa jina la Junichi Masuda wa Game Freak, kampuni inayotengeneza gemu hizi, na ipo tangu Diamond na Pearl za mwaka 2006. Unachukua wazazi wawili ambao wametoka kwenye gemu za lugha mbili tofauti, mmoja wa Kijapani tuseme na mwingine wa Kiingereza, wakitaga yai gemu inarusha dadu sita badala ya moja kwenye matoleo ya 2013 kuja huku, yaani mmoja kati ya 683, na ukiwa na Charm zinakuwa nane, mmoja kati ya 512. Kwa nafasi hiyo nusu ya watu wanampata ndani ya mayai 355 hivi. Mayai 355 ni wikiendi mbili za kuangua huku unaangalia mpira, sio mwaka mzima wa mateso. Ditto wa lugha ya kigeni ndo dhahabu ya mwindaji, manake Ditto anazaa na karibu kila kiumbe, ukiwa naye mmoja tu umemaliza, unabadilisha mwenzake kila msako. Na weka kwenye timu kiumbe mwenye Flame Body, hiyo ni tabia anayozaliwa nayo, mayai yanaiva kwa nusu ya muda, mtu anayeangua bila Flame Body huwa namwonea huruma.

Ila niseme ukweli wangu, mayai yananichosha. Unazunguka duara, yai linapasuka, wa kawaida, unazunguka, linapasuka, wa kawaida. Mimi napenda kuwinda nje porini, na kwenye Scarlet na Violet za 2022 porini kumenoga kuliko toleo lolote nililocheza, sasa hapa nitakaa kidogo.

Ramani inakuonyesha mahali ambapo aina moja imefurika, kundi kubwa la kiumbe mmoja. Unaenda pale, huanzi kuangalia rangi kwanza, unapiga. Unamtuma wa kwako kwa ile kitufe cha R anaenda anawatwanga mwenyewe bila hata kuingia kwenye pambano, na wewe unahesabu. Ukifika 30 dadu moja inaongezeka, ukifika 60 zinakuwa mbili. Wengi wanakosea hapa: wanatengeneza sandwichi mwanzoni kabisa, ile sandwichi ya nguvu ya kung'aa ya levo 3 ambayo inaongeza dadu tatu, halafu dakika 30 zake zinaishia kwenye kupiga wale 60. Sandwichi yenyewe inakula Herba Mystica mbili, viungo adimu, na hizo Herba unazipata kwa jasho kwenye reidi, yale mapambano makubwa ya pamoja, za nyota tano na sita, sio kitu cha kuchezea. Kwa hiyo piga 60 kwanza, sevu gemu, NDIPO ule. Hapo una dadu yako ya kawaida, mbili za Charm, tatu za sandwichi na mbili za kundi, jumla nane, mmoja kati ya 512 kama yai la Masuda, ila hapa wanazaliwa kumi kumi mbele ya macho yako.

Na ukishawaangalia wote waliopo na hamna kitu, fungua pikiniki halafu ifunge. Waliokuwa karibu wote wanapotea, wanazaliwa wapya. Fungua, funga, zungusha kamera taratibu, fungua, funga. Nikiwa kwenye mdundo huo mke wangu anajua asinisemeshe.

Lakini sikilizeni, kwenye Scarlet na Violet shaini akiwa porini HALII. Legends: Arceus ya mwaka huo huo ilikuwa inakupa mlio na cheche, ukisikia ule mlio hata ukiwa umegeuka unaruka kitini, ila Scarlet na Violet kimya kabisa, mpaka uingie kwenye pambano ndo nyota zinatoka. Na wengine rangi yao imetofautiana kwa unywele. Gengar shaini na Gengar wa kawaida uwaweke pamoja jioni jua linazama, mimi sikutajii yupi ni yupi. Garchomp hivyo hivyo. Kwa hiyo jicho lako usiliamini, mwamini yule uliyemtuma kwa R: akikutana na shaini anagoma kumpiga. Anasimama tu. Mara ya kwanza mimi nilidhani gemu imeganda, nikabonyeza R tena, akagoma, nikaanza kumtukana, nikasogea karibu, kumbe kuna kiduchu kimejificha nyuma ya jiwe rangi yake imepauka kidogo. Nilimwomba radhi yule mnyama wangu, kwa sauti kabisa.

Sasa tuachane na shaini kidogo, manake sio kila adimu ni wa rangi. Kuna wale wa kawaida wanaokaa kwenye nyasi za kawaida ila wanatokea asilimia 5 au asilimia 1 ya muda. Pikachu mwenyewe, sura ya mchezo mzima, kwenye Red na Blue pale Viridian Forest alikuwa asilimia 5, watoto wengi walitoka kwenye ule msitu wakiamini hayupo. Kwa hawa mbinu haihusu dadu, inahusu kuwaondoa wengine njiani, na kifaa chake ni kile ambacho watu wanadhani ni cha kukimbizia: Repel.

Repel haifukuzi wote. Inafukuza wale ambao levo yao iko chini ya levo ya wa kwanza kwenye timu yako. Basi tuseme kwenye nyasi fulani wapo wa levo 20, 21, 22, na unayemtaka anatokea levo 25. Mweke mbele wa kwako mwenye levo 25 kamili, puliza Repel, tembea. Wale wa 20 na 22 wote wamezuiwa, wa 25 anaruhusiwa kwa sababu hayuko chini, na hivyo kila atakayetokea ni huyo huyo unayemtaka. Asilimia 1 imegeuka asilimia 100, bila bahati, bila dua. Shida tu ni kupata wa kwako wa levo hiyo hiyo kamili, na mimi ndo maana situpi viumbe vidogo, boksi moja zima ni la levo mbalimbali, kama fundi na spana zake.

Na kama levo zinafanana, angalia tabia ya wa kwanza kwenye timu. Tangu Emerald, ukimweka mbele mwenye Static basi wa umeme wanavutwa, karibu nusu ya wanaotokea watakuwa wa umeme kama wapo eneo hilo, na Magnet Pull inawavuta wa chuma. Hata akiwa amezimia kabisa, akiwa wa kwanza kwenye mstari bado anafanya kazi, inachekesha lakini ndo ilivyo. Anayetafuta kitu anachoshika kiumbe, sio kiumbe mwenyewe, amweke mwenye Compound Eyes, kile kitu cha asilimia 5 kinapanda mpaka 20.

Kuna mmoja lakini hana Repel wala Static inayomsaidia mtu. Naona huyu ndugu hapa mbele ameshaanza kutikisa kichwa, eeh, Feebas, yule samaki. Kwa ambao hawajapitia: Ruby na Sapphire, 2002, pale Route 119 kuna mto mrefu umejikunja kunja, una mamia ya vigae vya maji, yaani viboksi vya kuvulia, na Feebas anakaa kwenye vigae SITA tu. Sita! Na hauambiwi vipi. Ukivua nje ya hivyo sita hata uvue mpaka uzeeke humpati, na ukivua juu ya kigae chenyewe, karibu kila mara mbili ukitupa ndoana moja inakuwa yake. Kwa hiyo huu sio mchezo wa subira, ni mchezo wa utaratibu. Watu wanakaa kigae kimoja wanavua mara thelathini, kwa nini? Kigae cha kweli kinakupa nusu kwa nusu, ukishavua mara tano bila kumwona kuna kama asilimia 3 tu kwamba umekosea kuondoka. Tano, sogea. Tano, sogea. Chora mto kwenye karatasi ya hesabu ile ya viboksi, weka alama kila ulipopita. Mimi niliichora, nikaanzia juu kwenye maporomoko nikashuka, siku ya tatu nikampata, samaki mbaya kuliko wote, rangi ya matope, midomo imepasuka, nikamkumbatia kama mtoto manake najua akitunzwa uzuri wake anageuka Milotic.

Halafu kaka yangu mkubwa akachukua gemu, akaenda mji wa Dewford akabadilisha ule msemo wa mji kwa sababu alitaka kuandika upuuzi, na kumbe vigae vya Feebas vinapangwa upya msemo ukibadilika. Nilikuwa nimenasa mmoja tu. Karatasi yangu yote ikawa ya kufungia vitumbua. Kwenye Diamond na Pearl wakaongeza ukatili, vigae vinne, chini kabisa ndani ya Mt. Coronet, na vinahama kila siku, kwa hiyo ukianza anza asubuhi.

Munchlax wa miti ya asali wa humo humo Diamond na Pearl nampitia haraka: miti ni 21, kwako wewe anatokea kwenye 4 tu, na hiyo minne inategemea namba yako ya mchezaji, kwa hiyo ukimwambia mwenzako "nenda kwenye mti ule" unaweza kuwa unampoteza kabisa. Paka asali, subiri saa 6, angalia, na usipitishe siku nzima manake anaondoka.

Wanaotembea tembea ndo wananipa raha. Raikou na Entei wa Gold na Silver, ukishawashtua pale Burned Tower wanatawanyika nchi nzima, levo 40, ukikutana naye kufumba na kufumbua kashakimbia. Kosa la kila mtu ni kumfukuza kwa kuruka na ndege. Ukiruka, wanachanganywa upya, unafika alipokuwa, hayupo, unaruka tena. Acha kuruka. Simama kwenye mpaka wa njia mbili, vuka, angalia Pokédex yuko wapi, rudi, angalia, vuka, mpaka aje kwenye njia uliyopo, yaani unamwacha yeye ndo akufuate. Mbele weka wa levo 40 na Repel ili nyasi zimsafishie njia. Na akikimbia usilie, damu uliyomtoa haimrudii, kesho mnaendelea pale pale. Angalia tu asikungurumie, manake hata ukimfunga kwa Mean Look, ana Roar, anaunguruma pambano linaisha unabaki umesimama.

Sasa vifaa. Hapa naongea kama mtu aliyeumizwa.

Sun na Moon, Mount Hokulani, Beldum. Nilikuwa simtafuti hata shaini, nataka Beldum yeyote, nikaona anatoka wa rangi ya fedha badala ya bluu, nyota zikazunguka, moyo ukasimama. Beldum kiwango chake cha kunaswa ni 3, na namba ikiwa ndogo ndo shida inavyokuwa kubwa. Caterpie ni 255, Mewtwo ni 3, kwa hiyo hiki kichuma kidogo kinashikika kwa shida kama Mewtwo. Na pigo lake ni moja tu, Take Down, ambalo kila akikupiga na yeye anaumia. Mmeshaanza kuelewa. Nikarusha mpira wa kunasia, akatoka, akanipiga, akaumia. Mpira, akatoka, akapiga, akaumia. Nikamwangalia mstari wake wa uhai unageuka njano, mwekundu, mimi ndo wala sijamgusa, anajiua mwenyewe mbele yangu na mimi kazi yangu kurusha mipira kama mtu anayelisha kuku. Ukabaki uzi. Mpira, ukatikisika mara moja, mara mbili, akatoka, akapiga. Basi. Akaanguka.

Nilikaa na ile konsoli mapajani skrini inawaka kama dakika kumi. Na dawa yake ilikuwa rahisi hivi: ningemweka mbele mzimu, aina ya Ghost, Take Down haimpati mzimu, pigo linapita hewani, haumii. Ana mapigo 20 tu kabla hayajamwishia na aanze kujipigapiga kwa Struggle, kwa hiyo ningekuwa na zamu 20 za kurusha mipira kwa amani. Mzimu nilikuwa naye. Kwenye boksi.

Tangu siku hiyo siingii porini bila timu ya kunasia. Mmoja ana False Swipe, ambayo inamwacha mtu na uhai 1 haiui, ila kumbukeni haiwapati mizimu. Huyo huyo au mwingine awe na pigo la kulaza, usingizi na kuganda ni bora kuliko kupooza au sumu, na sumu hata usiiguse manake inaendelea kula. Mmoja awe na tabia ya Damp kwa ajili ya akina Geodude na Graveler wanaojilipua, kuna watu wamepoteza shaini kwa mlipuko, waulizeni wasimulie kama watatoa neno. Mipira: Quick Ball zamu ya kwanza tu, ina nguvu mara 5, baada ya hapo ni pambo. Dusk Ball usiku na mapangoni. Timer Ball pambano likirefuka, zikishapita zamu kumi inafika mara 4. Na Abra usicheze naye, zamu ya kwanza Quick Ball usoni, ukipoteza hiyo zamu kashajihamisha. Master Ball, ule mpira usiokosa, ndugu zangu, kila mtu anaitunza mpaka anamaliza gemu nayo. Itumie! Shaini anayejua kujiua au kukimbia ndo hasa kazi yake.

Wa Pokémon GO naona mnaninyooshea mikono, mimi kule si mwenyeji sana lakini kidogo niseme. Kwenye ramani shaini haonekani, lazima umguse uingie ndipo umwone, kwa hiyo gusa, angalia, toka, gusa mwingine, usipoteze mipira kwa usiowataka. Na kiumbe yule yule mkimgusa wawili, kwako anaweza kuwa shaini kwa mwenzako hapana, kwa hiyo usiamini "hapo nimeshaangalia hamna." Siku za Community Day, zile kiumbe mmoja anapofurika kila mahali, ndo siku za kutoka.

Jambo moja la uvumi halafu niwaache. Tangu toleo la kwanza la 1996 watu wanatafuta visivyokuwepo. Lile lori karibu na meli ya S.S. Anne, eti ukilisukuma Mew, kiumbe adimu wa siri, yuko chini. Hayupo, hakuwahi kuwepo, Mew aliingizwa kwenye gemu dakika za mwisho na Shigeki Morimoto na akawa anagawiwa kwenye matukio. Lakini ni masaa mangapi ya utoto wetu yalienda kwenye lile lori? Leo lori limebadilika sura tu. Kabla hujaanza kuzima na kuwasha gemu mbele ya kiumbe wa hadithi, uliza kwanza kama gemu yenyewe inamruhusu kuwa shaini. Reshiram na Zekrom wa Black na White wamefungwa, Koraidon na Miraidon wa Scarlet na Violet wamefungwa, unaweza kuzima na kuwasha mpaka kitufe kitoke na hakuna kitakachotokea, hapo hata dadu yenyewe hairushwi. Na kinyume chake, yule Gyarados mwekundu wa Lake of Rage kwenye Gold na Silver ni shaini wa uhakika, kila mtu anampata, na bado kuna mtu alikuja kunionyesha kama ushindi wa mwaka. Nikampongeza, ningefanyaje.

Naona nimeashiriwa muda. Maswali tutajibizana pale nje. Nina Ditto wanne wa Kijapani, levo ya chini, sina masharti, nabadilishana na Ditto yeyote hata wa kuokota njiani, wahi tu manake betri yangu iko asilimia 18, na yule aliyeniambia kabla sijaanza kuongea kwamba ana Beldum wa rangi ya fedha, wewe usiondoke, tuongee.